Mtumbwi, wavu na moto wa kambi: safari ya marafiki katika Ziwa Nzilo na deni la mji wa shaba kwa maji

Kolwezi, makao makuu ya Mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unajulikana duniani kwa shaba na kwa kobalti, metali inayotumika katika betri za simu na za magari ya umeme, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya uzalishaji wake wote duniani hutoka nchini humo. Hata hivyo, anayetaka kuuelewa mji huo hana budi kutazama, pamoja na mashimo ya migodi, maji yaliyo jirani yake, na hasa Ziwa Nzilo, lililo kaskazini-mashariki ya mji kwa umbali wa takribani kilomita 30. Safari ya marafiki wanaokodi mitumbwi, wakalala kambini kando ya ziwa hilo na kuvua samaki kwa siku mbili au tatu huweza kuonekana kuwa burudani ya mwisho wa wiki tu, lakini ikifanywa kwa taratibu za wavuvi wenyewe huwafunza wakazi wa mji wa migodi jambo ambalo hawalipati mahali pengine: kwamba katika bonde la Lualaba shaba na samaki vimeishi pamoja kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba vyote viwili hutegemea maji yaleyale.

Ziwa lililozaliwa na mgodi

Mto Lualaba, ambao wanajiografia wengi huuhesabu kuwa tawi kuu la juu la Mto Kongo, huanzia katika uwanda wa juu wa Katanga, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, karibu na mpaka wa Zambia. Kutoka huko huelekea kaskazini, hupita mashariki ya Kolwezi, kisha huingia katika korongo la Nzilo, yaani bonde jembamba lenye kuta za miamba, ambamo hushuka mita 457 katika mwendo wa kilomita 72 tu. Mshuko huo uliozuia vyombo vya majini kwa karne nyingi ndio uliowavutia wahandisi wa karne ya 20, kwa kuwa maji yanayoanguka kwa nguvu namna hiyo yanaweza kuzungusha mitambo ya umeme.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 chini ya utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, iliusimika mji wa Kolwezi mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Uchimbaji ulipopanuka, haja ya umeme ilipanda vilevile, kwa sababu shaba na kobalti husafishwa kwa elektrolisisi, njia ya kupitisha mkondo wa umeme katika kimiminika chenye madini yaliyoyeyuka ili metali safi ijikusanye kwenye bamba, na njia hiyo hula umeme mwingi mno. Kampuni ilikuwa imekwisha kujenga kituo cha Mwadingusha katika Mto Lufira, kilichoanza kazi mwaka 1930. Baadaye ikageukia Lualaba, ambako bwawa la Nzilo, lililoitwa kwanza Delcommune, lilikamilika mwaka 1952 likiwa na kituo chenye uwezo wa megawati 108, na chini yake kikafuata kituo cha Nseke, kilichoitwa Le Marinel, chenye uwezo wa megawati 248. Mali za kampuni hiyo zilipotaifishwa mwaka 1967, mabwawa hayo yalipita mikononi mwa shirika la serikali ambalo baadaye lilijulikana kama Gécamines, na majina ya Wabelgiji yakaacha nafasi kwa majina ya mahali penyewe.

Kwa hiyo kabla ya katikati ya karne iliyopita hapakuwa na Ziwa Nzilo. Palikuwa na mto, vijito vyake na misitu ya miombo, yaani misitu ya miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, ambayo hufunika sehemu kubwa ya Katanga. Ukuta ulipofungwa, maji yalirudi nyuma yakajaza bonde na kufanya ziwa lenye eneo la takribani kilomita za mraba 280, na samaki wa mtoni wanaopenda maji yaliyotulia, hasa wa jamii ya tilapia, wakapata makao mapana. Wavuvi wakawafuata, wakapiga kambi ufukweni na katika ndimi za nchi kavu zinazoingia majini. Riziki yao ni tunda la shaba ambalo halikuwemo katika hesabu za mtu yeyote, kwa kuwa walioujenga ukuta walitaka umeme, wala hawakukusudia kumlisha mtu samaki.

Asili hiyo humhusu moja kwa moja msafiri wa leo. Ziwa la bwawa halina tabia ya ziwa la asili, kwa maana usawa wake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua pamoja na kiasi cha maji yanayopitishwa katika mitambo, hivyo ufuko uliokuwa mkavu jioni si lazima ubaki hivyo majira yote. Vilevile, bonde lililozama likiwa na miti yake huacha visiki chini ya maji, na visiki hivyo huchana nyavu na kutoboa mitumbwi ya wasiojua njia.

Watu wa maji na watu wa shaba

Mji wa Kolwezi haujafikisha miaka mia moja, lakini uhusiano wa samaki na shaba katika bonde hili ni wa kale mno. Chini ya korongo la Nzilo, mto unapofika Bukama, maji hutulia na kuingia katika bonde la Upemba, eneo tambarare lenye mabwawa ya mafunjo na maziwa mengi, yakiwemo Upemba na Kisale, na kuanzia hapo vyombo huweza kusafiri kwa takribani kilomita 640. Kandokando ya Ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wanaakiolojia walichimbua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na kazi hiyo ikaendelezwa katika miaka ya 1970 na Pierre de Maret wa Ubelgiji. Makaburi hayo, ambayo mengi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 14, yalikuwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, zana za chuma, na mapambo ya shaba yaliyovaliwa na watu wazima na watoto.

Jambo la kuzingatia ni kwamba shaba haipatikani katika tope la Upemba, bali hutoka katika vilima vya kusini, ndiko kwenye migodi ya leo, na kwa hiyo ilibidi isafirishwe kwa siku nyingi hadi kuwafikia watu wa maziwa. Wao walikuwa na kitu ambacho watu wa vilima walikihitaji, nacho ni samaki, ambaye akikaushwa kwa jua au kwa moshi huweza kubebwa mbali bila kuoza. Biashara ya samaki wakavu, chumvi, chuma na shaba ilikuwa miongoni mwa misingi ya ustawi wa eneo hilo, na baadaye ya nguvu ya dola ya Waluba. Vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha, vimechimbuliwa katika makaburi ya Upemba ya karne zilizofuata. Hivyo mama wa sokoni Kolwezi anayempimia mchimbaji samaki wa moshi huendeleza mabadilishano ambayo mababu wa nchi hiyo waliyafanya kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa.

Historia ya mto huo huonyesha pia kwamba mwenye mtumbwi ndiye mwenye neno. Mpelelezi David Livingstone alipofika Nyangwe, mji wa soko uliokuwa kando ya Lualaba mbali kaskazini, mwaka 1871, alikaa miezi akitafuta mitumbwi ya kuushuka mto, asiipate. Verney Lovett Cameron, aliyefika hapohapo mwaka 1874, alishindwa vilevile. Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, lakini alikuwa amefanya mapatano na Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ambaye aliandamana naye kwa wiki kadhaa akiwa na watu wake wenye silaha, na ambaye baadaye aliandika kwa Kiswahili maisha yake mwenyewe. Katika safari hizo mtumbwi ulikuwa chombo cha upelelezi na cha biashara, na biashara yenyewe ilibeba pembe na watumwa, jambo ambalo wakazi wa kingo za Lualaba waliligharimia kwa damu. Katika Lualaba ya juu, msafara wa Alexandre Delcommune, uliotumwa Katanga kati ya mwaka 1890 na 1893, ulijaribu kuteremka mto kwa mitumbwi ukazuiwa na korongo la Nzilo. Na bwawa lililofunga korongo hilo likaja kubeba jina lake.

Urithi huo unatosha kumfanya msafiri wa leo aingie majini kwa heshima. Katika nchi kama Kanada, safari ya mtumbwi na kambi ni mchezo unaotengewa mbuga zake na vifaa vyake, lakini katika Ziwa Nzilo mtumbwi ni chombo cha kazi cha watu wengine, na marafiki wanaotoka mjini huingia humo wakiwa wageni wa wavuvi.

Maandalizi ya kundi

Majira yanayofaa ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ambapo mvua hukatika na anga hubaki wazi. Wakati wa masika, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Aprili, mawingu hujikusanya mchana na kushusha dhoruba za ghafla zenye upepo na radi, na mtu aliye katikati ya maji wazi hana pa kujificha. Kiangazi nacho kina masharti yake. Kwa kuwa eneo hilo liko juu sana kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, na anayedhani kwamba Kongo yote ni joto atalala akitetemeka. Blanketi nzito, koti, na turubai la kuzuia upepo wa alfajiri ni mahitaji ya lazima kwa kila mmoja.

Mitumbwi ya ziwani ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya gogo, linalochongwa kwa shoka na tezo, kifaa chenye makali yaliyopinda kinachotumika kukwangua ubao kutoka ndani, hadi gogo zima libaki ganda lenye kuta nyembamba. Ya pili ni ya mbao zilizounganishwa kwa misumari na kuzibwa nyufa, ambayo huhitajiwa zaidi pale miti minene inapoadimika. Mtumbwi wa gogo ni mzito na hauvunjiki upesi, lakini tumbo lake la mviringo huufanya ubingirike kirahisi ukipandwa na mtu asiyejua kukaa. Kwa hiyo abiria hukaa chini, katikati ya mtumbwi, magoti yakiwa yamefunguka kidogo, wala hakai ukingoni. Mizigo mizito kama unga, sufuria na dumu la maji huwekwa sakafuni karibu na katikati. Na mtumbwi ukishapakiwa, ukingo wake unapaswa kubaki juu ya maji kwa angalau shibiri moja. Ukibaki chini ya hapo, ni afadhali mzigo upunguzwe au safari ifanywe kwa awamu mbili.

Mpigaji kafi mzoefu hukaa tezi, yaani sehemu ya nyuma, ambako ndiko mtumbwi huongozwa, na mwingine hukaa omo, yaani sehemu ya mbele, akitazama visiki na mafunjo. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kundi la marafiki liko katika hatari hiyo kuliko wafanyakazi wa kulipwa, kwa sababu rafiki huona haya kumwamuru rafiki. Busara ni kumchagua kiongozi mmoja kabla ya kuondoka, kukubaliana kwamba neno lake juu ya upepo na saa ya kurudi halipingwi, na kumwajiri mvuvi wa eneo hilo awe mwongozaji. Jaketi la kuokolea, yaani kizibao kinachoelea, halina mbadala hata kwa anayejua kuogelea, kwa kuwa ajali za majini huweza kuua hata watu walio karibu kabisa na nchi kavu. Kopo la kukumbia maji na kafi ya akiba hukamilisha vifaa vya lazima.

Kabla ya kupiga kambi, adabu hudai kwamba kundi lipitie kwa kiongozi wa kijiji au mkubwa wa kambi ya wavuvi, limwamkie, lieleze nia yake na kuuliza mahali panaporuhusiwa. Kando na heshima, desturi hiyo ina faida ya dhahiri, kwani mwenyeji ndiye ajuaye nyavu zimetegwa wapi, ng'ambo ipi huonekana mamba, na ghuba ipi huachwa ipumzike ili samaki wazae.

Kutega jioni, kutegua alfajiri

Uvuvi unaolifaa zaidi kundi la wageni ni wa mshipi na ndoana, kwa sababu hauharibu mazalia na haugongani na nyavu za wenyeji. Mtego wa kulaza usiku hutengenezwa kwa kamba moja ndefu ya nailoni, ambayo kila baada ya hatua moja au mbili hufungwa kijikamba kifupi chenye ndoana. Jiwe hufungwa mwisho mmoja liwe chubwi, yaani uzito wa kuzamisha, na chupa tupu ya plastiki iliyofungwa kizibo hutumika kama boya la kuonyesha mahali mtego ulipo. Chambo huwa nyungunyungu au vipande vya samaki, na katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki na Kati wavuvi wa kambale hutumia hata kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho hakitoki upesi kwenye ndoana.

Mtego hushushwa karibu na saa kumi na mbili jioni, mpigaji kafi akirudisha mtumbwi nyuma polepole huku mwenzake akiachia kamba ndoana baada ya ndoana. Kazi hiyo hutaka utulivu wa watu wawili wanaofahamiana, kwani mmoja akivuta kafi kwa haraka, ndoana humrudia mwenzake mkononi. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda, boya hutafutwa na kamba huinuliwa kwa vidole, na kabla ya samaki kuonekana mkono hutambua aliyenaswa: kambale huvuta kwa uzito wa mfululizo na kujizungusha, ilhali tilapia hutikisa kwa mapigo mafupi. Kambale ana miiba migumu mbele ya mapezi ya kifuani, hivyo hushikwa kutoka nyuma ya kichwa, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine upande wa pili, naye ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa kinachomwezesha kukaa hai nje ya maji kwa saa nyingi, ndiyo maana huwafikia wanunuzi akiwa bado anatikisika.

Wanaotamani samaki mkubwa wa kupambana naye huusikia sana umaarufu wa Hydrocynus goliath, samaki mla nyama wa bonde la Kongo mwenye meno yaliyochomoza nje kama visu, anayeweza kuzidi urefu wa mita moja na uzito wa kilo 50. Huyo ni samaki wa mito mikubwa na wa Lualaba ya chini, na makorongo yenye maporomoko kama Nzilo huwa vizuizi vinavyotenganisha jamii za samaki wa juu na wa chini. Kwa hiyo fahari ya Nzilo iko katika samaki wa chungu, yaani tilapia na kambale, nao ndio wanaozilisha nyumba za Kolwezi pale samaki wa baharini waliogandishwa, wanaosafirishwa kutoka Namibia, wanapopanda bei.

Moshi, bukari na mazungumzo

Samaki aliyevuliwa alfajiri hupasuliwa papo hapo. Magamba huondolewa kwa kisu kinachokwenda kutoka mkiani kuelekea kichwani, tumbo hupasuliwa, matumbo, ini na matamvua hutolewa, kisha samaki huoshwa na kupakwa chumvi. Wa kuliwa siku hiyo huchemshwa kwa nyanya, vitunguu na pilipili, akaliwa kwa bukari, jina ambalo watu wa Katanga huuita ugali wao wa mahindi au wa mahindi yaliyochanganywa na muhogo, pamoja na lengalenga, yaani mchicha, au sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa.

Wa kurudi nao mjini hupandishwa kwenye chanja, jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya moto kwa kimo cha kiunoni. Siri ya kukausha imo katika kuudhibiti moto: mwanzoni huwashwa kwa nguvu kiasi ili ngozi ikaze, kisha hufifishwa kwa kuni mbichi na kufunikwa ili moshi upenye nyama taratibu usiku kucha, huku samaki wakigeuzwa kila mara. Moto ukizidi, nyama hukauka nje ikabaki mbichi karibu na mfupa, na samaki huyo huingiwa na funza kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana kambini mwa wavuvi mtunza moshi huheshimiwa sawa na mtega nyavu, na katika kambi nyingi kazi hiyo hufanywa na wanawake, ambao pia hununua, hufungasha na kusafirisha samaki hadi masokoni. Marafiki wanaokesha zamu kwa zamu kando ya chanja hupata muda wa mazungumzo ambao mji wa migodi, kwa zamu zake za mchana na usiku, huwanyima, na wengi hujifunza usiku mmoja juu ya kazi ya wenzao wa majini kuliko walivyojifunza kwa miaka ya kununua samaki sokoni.

Moto huo nao una wajibu wake. Kiangazi nyasi za miombo huwa kavu mno, cheche moja huweza kuteketeza kilima, na misitu hiyo tayari imedhoofishwa na ukataji wa miti ya makaa yanayopikia mijini. Kilima kisicho na miti hukosa mizizi ya kuushika udongo, na udongo unaooshwa na mvua huishia ziwani, ukafunika mazalia ya samaki na kupunguza nafasi ya maji ambayo bwawa linaweza kuhifadhi. Kwa hiyo kambi nzuri hukusanya kuni zilizoanguka zenyewe, husafisha nyasi kuuzunguka moto, na huuzima kwa maji kabla ya kuondoka.

Yanayoteremka kutoka migodini

Makala kuhusu maji ya Lualaba hayawezi kuwa ya kweli yakikwepa suala la uchafuzi. Mto Musonoi, unaopita kando ya Kolwezi na kumwaga maji yake katika Lualaba, uliachwa kwa miongo mingi upokee mabaki ya uchenjuaji, yaani tope laini linalobaki baada ya mawe kusagwa na madini kutolewa, na mabaki hayo yalijaza sehemu za bonde lake. Katika Bonde la Lufira, wataalamu waliopima samaki wa Ziwa Tshangalele, lililoundwa na bwawa la Mwadingusha, walikuta viwango vya juu vya metali vinavyohusishwa na viwanda vya shaba vya Likasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba wakazi wa jirani na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo, na wakafikiri kwamba chakula na vumbi ni miongoni mwa njia zinazoiingiza mwilini.

Metali za namna hiyo haziozi kama takataka za nyumbani, bali hujikusanya katika tope la chini, katika mimea na katika viumbe. Ndani ya samaki, hujikusanya zaidi katika ini, figo na matamvua kuliko katika nyama ya mbavuni, na kwa sababu hiyo desturi ya kuondoa viungo vya ndani kabla ya kupika ina faida kubwa zaidi katika eneo hili. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi metali, basi kundi halina budi kubeba maji ya kunywa kutoka chanzo kinachoaminika, wala lisitege karibu na midomo ya vijito vinavyotoka migodini au vyenye rangi isiyo ya kawaida. Kuna pia hatari ambayo haihusiani na migodi, nayo ni kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kupenya ngozi ya mtu. Anayekaa ndani ya maji yenye mafunjo kwa muda mrefu hujiweka katika hatari hiyo, na akirudi mjini inafaa apimwe.

Tahadhari hizo hazitoshi kumlinda mvuvi anayekula samaki wa ziwa hilo kila siku ya maisha yake. Ulinzi wake unategemea mamlaka na kampuni zinazofaidika na maji yaleyale, kwa kuwa umeme wa Lualaba huendesha viwanda vyao na korongo la mto huo linaendelea kuwavutia wawekezaji, kama linavyoonyesha bwawa jipya la Busanga, lenye uwezo wa megawati 240, lililojengwa kwa ajili ya uchimbaji chini ya yale ya zamani.

Wajibu wa mji kwa ziwa lake

Yapo mambo matatu yanayowezekana na yanayopasa kudaiwa. La kwanza ni vipimo vya maji na vya samaki wa Nzilo vifanywe kwa ratiba inayojulikana, na matokeo yake yatangazwe kwa Kiswahili katika kambi na masoko, ili mama anayenunua samaki ajue anachowalisha watoto wake. La pili ni uvuvi wenyewe ulindwe dhidi ya nyavu za matundu madogo, vikiwemo vyandarua vya mbu vinavyokokotwa ufukweni na kuzoa hata vifaranga, na msimu wa kuzaliana uheshimiwe. Nchi jirani ya Zambia hufunga uvuvi wa maziwa na mito yake mingi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na wavuvi wa Kongo wanaoujua mwaka wa samaki kwa uzoefu wao wanaweza kusaidia kuweka kanuni inayolingana na ziwa lao. La tatu ni usalama wa majini, kwa maana ya majaketi ya kuokolea kupatikana kwa bei ambayo mvuvi anaimudu, na vijana wa mjini kufundishwa kuogelea na kupiga kafi kama wanavyofundishwa kazi za mgodini.

Madai hayo hayatasemwa kwa nguvu na watu wasiolijua ziwa. Hapo ndipo safari ya marafiki inapopata uzito wake, kwa kuwa mchimbaji, fundi umeme, mwalimu au mwanafunzi aliyelala Nzilo, akala samaki wake na kumsikia mvuvi akieleza jinsi samaki walivyopungua, hawezi tena kusikia habari ya tope lililomwagika mtoni akaiona kuwa habari ya watu wengine. Siku moja migodi ya Kolwezi itakwisha, kama inavyokwisha migodi yote, na wakati huo mji utahitaji maji safi na samaki kuliko unavyovihitaji leo. Wanaokula mshahara wa shaba sasa ndio wenye uwezo wa kuhakikisha kwamba vitakuwepo, na kazi hiyo inawataka wakati fedha ya shaba ingali inaingia.